Jino Lililokaa Sandukuni

Nikimaliza sahani ya bukari, yaani ugali wetu wa kule Kamina, huwa nimechoka kama mtu aliyetwanga tangu asubuhi. Sisemi utani. Upande wa kushoto wa taya langu huanza kuuma kabla samaki hajafika nusu, nami hulazimika kupumzika, mkono shavuni kama mfiwa, mpaka wageni waniulize kama kuna habari mbaya. Hakuna habari. Ni taya tu. Lilichoka nikiwa mtoto, na mimi nimechoka kulieleza.

Juzi mjukuu wangu mmoja aliuliza kwa nini uso wa bibi umeshuka upande mmoja. Mama yake akamkaripia. Nikamwambia amwache, mtoto ameuliza anachokiona. Lakini sikumjibu, maana jibu lenyewe ni refu, na ndani yake yumo mama yangu, na mama yangu simtoi kwa maneno mawili mlangoni. Basi nimeamua kuliandika, walisome siku watakapokuwa na haja nalo.

Tuliishi Base, ile kambi kubwa ya jeshi nje ya Kamina, katika miaka ya Zaire, tulipokuwa tukiitana citoyen na citoyenne, yaani raia, hata kwenye foleni ya maji. Baba alikuwa sajini, fundi wa magari ya jeshi, mtu wa Maniema aliyezaliwa kwa watu wa msikiti. Mama alikuwa Muluba wa upande wa Kabondo-Dianda, mtu wa misa, na aliuza samaki waliokaushwa kwa moshi. Walielewanaje? Baba alikuwa akitumwa huku na huko mwaka mzima, na mama alikuwa na samaki wake. Hivyo ndivyo walivyoelewana. Walizaa watoto wa kiume watatu na mimi msichana mmoja, na sisi wote tulikaa katika nyumba ya matofali iliyokuwa sawasawa na nyumba nyingine zote za mstari ule.

Nilipokuwa na miaka mitano hivi, meno yangu ya nyuma upande wa kushoto yalioza. Muuguzi wa zahanati aliyang'oa yote asubuhi moja, ya juu na ya chini, kwa sababu nilipiga kelele sana na hakutaka kunishika mara ya pili. Kuanzia siku ile nikatafuna kulia. Nani angenikataza? Mtoto hutafuna panapotafunika. Meno ya ukubwa yalipokuja kuota kushoto, yaliota yakiwa yamelala, mafupi, kila moja limeegemea mwenzake, na nilipofunga mdomo upande ule ulikuwa ukizama chini kuyatafuta.

Nikiwa na miaka tisa kila mtu alikuwa ameshaona. Shavu la kulia lilikuwa limenenepa kwa kazi, la kushoto lilikuwa bapa, na kidevu kilikuwa kimeanza kwenda zake pembeni. Shuleni tulikuwa na animation, zile nyimbo na ngoma za kumsifu Kiongozi ambazo tulizicheza kila mgeni mkubwa aliposhuka uwanja wa ndege. Mwalimu aliniweka mstari wa nyuma kabisa. Hakunitukana. Alisema tu kwamba mstari wa mbele unataka sura zinazofanana. Majirani nao walikuwa na maelezo yao, kwamba upepo mbaya ulinipiga nikiwa usingizini, kwamba mama alikula kitu fulani akiwa na mimba yangu. Tukitembea barabarani mama alinishika mkono upande wake wa kulia siku zote, ili shavu langu la kushoto lielekee kitenge chake na watu wapite bila kuliona.

Alichokitaka kilikuwa kimoja. Alitaka uso wa binti yake unyooke kabla binti hajawa msichana wa kuangaliwa. Mimi nilitaka mstari wa mbele. Yote mawili yalikuwa kitu kimoja.

Ndipo akaletwa Base daktari wa meno, luteni kutoka upande wa Bas-Zaïre, mwembamba, mwenye Kiswahili cha kuokoteza na Kilingala kikijipenyeza kila mahali. Mama alinipeleka wiki ileile. Daktari hakuanza na mdomo. Aliniwekea vidole viwili kila shavu, hapa nyuma karibu na masikio, akasema, "Uma." Nikauma. "Uma tena." Nikauma tena. Kisha akamwita mama, akamwekea vidole vyake palepale.

"Mama, sikia. Huku kulia musuli inaruka. Huku kushoto inalala. Meno ya huku iko mafupi, taya inashuka kuyatafuta, musuli inakuwa mufupi, haitumike. Na mufupa ya mutoto inafwata musuli. Vile musuli inavuta, njo vile kichwa inakomea."

"Kichwa muzima?" mama akauliza kwa hofu, maana kukomea kwetu ni kukua.

"Muzima. Kidevu, shavu, mpaka huku karibu na jicho. Sasa tutainua huku kushoto. Tutatia kitu katikati ya meno, taya isishuke tena. Musuli itavutika, itaamuka, itatumika. Mufupa itafwata. Lakini ni sasa, angali mutoto. Akishakomea, bwato, mutumbwi, imekwenda."

Siku hiyo baba alikuwa nyumbani. Mama alipomsimulia, alitikisa kichwa na kusema lile wanalolisema kwao, kwamba samaki mkunje angali mbichi. Alilisema kama methali. Mama alilielewa kama kazi yake ya kila siku, maana kambale wa moshi hukunjwa mviringo, mkia mdomoni, akiwa bado mbichi, halafu hupitishwa kijiti na kuwekwa juu ya moto. Ukingoja akauke ndipo umkunje, utabaki na vipande mkononi. Nilimwona mama akinitazama, akamtazama samaki aliyekuwa kwenye beseni, akanitazama tena.

Daktari alinijaza mdomo uji mzito wenye ladha ya dawa, ukaganda, akautoa na meno yangu yamejichora ndani yake. Tuliporudi mara ya pili kitu chetu kilikuwa tayari. Kilikuwa kipande kigumu cha rangi ya ufizi, kinene kama kidole, chenye vikono viwili vya waya vya kushikia meno. Yeye alikiita gouttière. Sisi nyumbani tulikiita jino la daktari. Alikipachika juu ya meno yangu ya chini ya kushoto, nikafunga mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu niwe na akili upande ule ulikutana na kitu. Uso mzima ulinivuta. Machozi yalinitoka, si kwa maumivu, ni kwa ugeni.

"Atavala asubui, atavala mangaribi," daktari akamwambia mama. "Atakula nayo, atalala nayo. Kutoa ni kwa kuosha tu. Nyuma ya miezi kiloko, kidogo tu, munarudia, naangalia. Sawa?"

"Ndiyo, docteur."

"Umesikia muzuri?"

"Nimesikia, docteur. Aksanti sana."

Kusikia alisikia. Asiniambie mtu kwamba mama hakusikia. Lakini mama alikuwa mwanamke wa kambi, na kambini kuna sheria ambayo hakuna shule ya udaktari inayoifundisha: kitu kizuri hakitumiwi kila siku. Chini ya kitanda chake palikuwa na sanduku la bati lenye kufuli. Ndani yake zilikaa sahani za maua ambazo hatukuwahi kuzilia, blanketi ambalo bado lilikuwa kwenye nailoni yake, viatu vya ngozi vya baba, na vitenge viwili vilivyokunjwa tangu arusi. Sisi tulikula kwenye masufuria yaliyobonyea na kulala chini ya blanketi lenye matundu, na tulijivunia sanduku. Kila nyumba ya mstari wetu ilikuwa hivyo. Askari huhamishwa bila kuulizwa, na kinachobebeka ndicho chako.

Jua lilipotua siku ile, jino la daktari lilikuwa limefungwa kwenye pamba, ndani ya kopo la maziwa ya unga, ndani ya sanduku.

"Mama," nikasema, "docteur alisema nilale nayo."

"Ulale nayo uimeze? Kisha tutaitoa wapi?"

"Na kula?"

"Kitu ya muzuri vile uitie bukari na sombe? Nani anavalaka viatu ya misa mu mashamba? Utavala dimanche. Utavala siku ya bageni. Sasa enda ulale."

Basi Jumapili ikawa siku yangu ya mateso. Mama alifungua kufuli, akalisuuza jino kwa maji ya chumvi, akanipachikia mwenyewe, akarudi nyuma hatua moja kunitazama kama anavyotazama samaki aliyemkunja vizuri. Taya ambalo lilikuwa limelala wiki nzima liliamshwa kwa ghafla na kuambiwa lisimame kutwa. Kabla ya komunyo nilikuwa nimeshachoka. Mate yalinijaa, maneno ya sala yalitoka nusu, na shingo iliniuma mpaka begani. Tukirudi nyumbani ilikuwa afadhali ya kanisani. Sisi watoto tulikula beseni moja, mikono minne, na kwenye beseni hakuna undugu. Mimi nikiwa na kile kigogo mdomoni nilitafuna tonge moja wakati kaka zangu wanamaliza matano. Nilikula kwa macho. Jioni mama alilitoa jino, akalikagua, akaliosha, akalifunga, nami nikaenda kulala na njaa ya siku ya Bwana.

Na siku za wageni wakubwa ilikuwa hivyohivyo. Mama alikuja mpaka uwanjani na kopo lake, akanipachikia jino mbele ya shule nzima, akaniambia nisimame wima. Nilikuwa nimesimama wima mstari wa nyuma, mdomo wazi, ninaimba kitu ambacho hata Kiongozi mwenyewe asingetambua kama ni jina lake.

Miezi ilipita tukarudi kwa daktari. Mama alinivalisha jino mlangoni kwake, kama unavyomvalisha mtoto kofia kabla ya kuingia kwa mkubwa. Daktari akaweka vidole. "Uma." Nikauma. Akakunja uso. "Ajabu. Musuli inalala bado." Alifikiri, akazunguka chumba, akasema labda hakuinua vya kutosha. Akaongeza tabaka la ile dawa ya rangi ya ufizi juu ya jino, likawa refu zaidi. Tukarudi nyumbani, likaingia sandukuni. Safari iliyofuata ilikuwa vilevile: vidole, uma, ajabu, tabaka. Jino lilikuwa likikua vizuri sana. Msuli uliopaswa kukua ndio haukukua. Mwishowe likawa refu kiasi kwamba Jumapili midomo yangu haikukutana, nikawa nakwenda misa kama samaki aliyetolewa majini, huku mama akinifuta kidevu kwa pembe ya kitenge na kutabasamu kwa majirani.

Najua mnachotaka kuuliza. Kwa nini sikumwambia daktari? Wewe ungemwambia? Yule alikuwa luteni na baba yangu alikuwa sajini. Mtoto wa kwetu hamvui nguo mama yake mbele ya mtu wa nje, achilia mbali mbele ya mwenye nyota mabegani. Tena daktari mwenyewe hakuuliza. Alikuwa ametoa amri na kujibiwa ndiyo, na mwanajeshi akishajibiwa ndiyo anahesabu kazi imefanyika. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Yeye alijua taya langu, hakujua sanduku letu.

Halafu ikaja siku ambayo alilitoa jino mdomoni mwangu na badala ya kuchukua dawa yake akaenda nalo dirishani. Aliligeuza juani. Akapitisha ukucha juu yake. Akaligeuza tena.

"Mama," akasema polepole, "hii iko mupya."

Uso wa mama ulifunguka. Sijawahi kumwona mtu aliyefurahi vile kwa neno moja. Alikuwa amengoja mwaka mzima afisa huyu atambue.

"Ee, docteur! Naitunza muzuri sana. Naiosha na maji ya chumvi, naifunga mu coton. Hata vumbi haiiguse."

"Inakaa wapi?"

"Mu sanduku, docteur. Iko na kufuli. Mwizi hawezi kuipata."

Daktari alikaa kwenye kiti chake cha wagonjwa, akajifuta macho kwa kiganja. Nilidhani atafoka. Nilitamani afoke, maana kufoka tulikuzoea. Alipozungumza sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetembea kutoka mbali.

"Mama. Miye nilitaka muiharibu."

Mama akanitazama mimi, kana kwamba nitamfasiria.

"Nilitaka itafune," daktari akaendelea. "Itafune bukari, itafune mifupa, ichafuke, ikwishe. Ikikwisha, natengeneza ingine. Njo kazi yake. Mu sanduku haiinue kitu te."

Mama alishika pembe ya kitenge chake, akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena. Mikono ile ilikuwa na harufu ya moshi siku zote, hata ukiiosha.

"Na ile miezi yote?" akauliza.

"Imekwenda."

"Mufupa..."

"Mufupa ilikuwa inakomea tu, mama. Haikungoja."

Mama akasema, "Aksanti, docteur." Mtu mkubwa huwezi kumwachia kimya mkononi. Daktari alisaga yale matabaka yote mbele yetu, maana taya langu lisingeweza kubeba urefu ule kutwa nzima, na vumbi la rangi ya ufizi likajaa kwenye viatu vyake. Aliniuliza umri wangu. Nikasema ninakwenda kumi na moja. Akasema bado kuna muda kidogo. Hilo neno kidogo mama alilibeba mpaka nyumbani. Njiani alinishika mkono upande wa kulia, lakini hakunitazama.

Kuanzia jioni ile mama aligeuka. Alilitoa jino kwenye lile kopo, akanivalisha, akalitupa kopo nje. Alivunja sheria ya beseni moja: mimi nikapewa sahani yangu, tena ya maua, na kaka zangu walinuna mwezi mzima kama watu waliodhulumiwa urithi. Alinipa vitu vigumu, mahindi ya kuchoma, muhogo mkavu, vichwa vya samaki. Akakaa mbele yangu.

"Kushoto," alikuwa akisema. "Kushoto, nimesema. Weye, usinidanganye, naona shavu."

Nilimchukia. Wacha niseme kweli, kwa muda ule nilimchukia. Taya liliuma mpaka sikuweza kuitika nikiitwa, na shuleni waliniita bubu. Kila nilipomaliza kula alinilaza kichwa pajani, akanisugua shavu kwa mawese ya moto, akisinzia yeye mwenyewe, kwa sababu alikuwa ameamka alfajiri kuwahi samaki wanaokuja kwa treni. Vidole vyake vilisimama, nikadhani amelala, vikaanza tena.

Lakini siku moja niliuma, nikajigusa, nikahisi kitu kikiruka upande wa kushoto. Kidogo sana. Nilikimbia kumwonyesha. Akaweka kidole, akanifanya niume mpaka nikachoka, akaenda kuchota maji, na huko bombani nilimsikia akiimba. Daktari alipoweka vidole vyake alipiga kelele, "Malamu! Muzuri sana!" Akaongeza tabaka moja, jembamba. Safari iliyofuata akaongeza jingine. Sasa jino lilikuwa chafu, la manjano, limeliwaliwa, na daktari alilishika kama kitu cha thamani. Kidevu kilikuwa kimeanza kurudi. Mwalimu wa animation alinisogeza mstari mmoja mbele, bila maelezo, nami sikuomba.

Jeshi halimwulizi mtu. Daktari alihamishwa, na hakuletwa mwingine. Chumba chake kilifungwa, baadaye kikawekwa viroba vya unga. Mama alikwenda hospitali ya mjini, akaenda kwa masista, akaambiwa kote kwamba kitu kama kile hutengenezwa Lubumbashi, labda. Lubumbashi! Mshahara wa baba ulikuwa ukija ukitaka na kukaa ukitaka, na baba mwenyewe alikuwa mbali zaidi ya mshahara wake. Wakati huohuo jino lilifanya hasa kile ambacho daktari alilitengenezea. Lilitafuna, likaisha. Kila mwezi lilikuwa fupi zaidi, na taya langu lilianza tena kushuka kulitafuta.

Basi mama alichukua mpira wa ndani wa baiskeli ya baba, akaukata vipande vyembamba kwa kile kisu cha samaki, akaviviringisha juu ya jino, tabaka juu ya tabaka, akafunga kwa uzi wa kushonea. Akanivalisha. Akaniwekea vidole. "Uma." Ikiwa juu mno alifungua uzi, akapunguza. Ikiwa chini akaongeza. Hakuwa na kipimo chochote, alikuwa na macho yake na midomo yangu tu, na mara nyingi alikosea. Ladha ya mpira ule ninayo mpaka leo, hasa mvua inaponyesha. Mpira ulitafunika, ukakatika, nikameza uzi, akaanza upya. Kaka zangu walisukuma baiskeli isiyo na upepo wakilaani uso wangu. Mwaka ukaisha hivyo, na mwingine.

Wanasema ng'ombe haelemewi na nunduye. Mimi nilimwona akielemewa. Alikonda. Aliuza samaki akiwa amekaa, yeye aliyekuwa akiuza kwa kuzunguka kambi nzima. Watu walipomsalimia aliitika baadaye, kama salamu imepita njia ndefu kumfikia. Na jioni, hata akiwa hawezi kuinua sufuria, alitoa kisu na mpira, akaniita. Je, ilisaidia? Sijui. Pengine kidogo. Pengine alinizuia tu nisishuke zaidi. Mifupa yangu ilifuata kitu fulani miaka ile, sina hakika kama ni jino, mpira, au mkono wake.

Nilikuwa na miaka kumi na minne waya wa mwisho ulipovunjika. Ilikuwa mchana, tumekaa mkekani nyuma ya nyumba, kambale wa moshi yuko kwenye sufuria. Nililitema kiganjani mwake: kipande cheusi cha mpira, uzi, na chini yake ule ugumu wa daktari umebaki mwembamba kama ganda. Hakukuwa na mahali pa kufungia tena. Alikitazama kwa muda. Akakiweka chini, akanawa mikono, akaniwekea vidole.

"Uma," akasema.

Niliuma kwa nguvu zangu zote. Niliuma mpaka masikio yakavuma, nikasukuma upande wa kushoto kama mtu anayesukuma gari, niuinue, niupandishe chini ya kidole chake. Alikaa vile muda mrefu, na upande ule haukupanda. Kisha mama, mwenye vidole, akaniuliza mimi.

"Iko sawa sasa?"

"Iko sawa, mama."

"Pande yote mbili?"

"Pande yote mbili."

Alinitazama uso kwa mbele, moja kwa moja, bila kuinamisha kichwa chake ili kunyoosha changu. "Bas," akasema. "Bas, mama yangu. Ukule."

Nilichukua kichwa cha samaki, nikakitia kushoto, nikaanza kutafuna na mifupa yake. Mama akajinyoosha mkekani, mchana kweupe, jambo ambalo katika maisha yangu yote sikuwahi kumwona akilifanya, akalala usingizi. Nami nikaendelea kutafuna upande uleule, taya likiwaka moto, asije akafumbua macho akaona nimehamia kulia.